Kiti, Usukani na Mlima: Mkao juu ya Baiskeli na Afya ya Mwendeshaji Wilayani Mbinga

Mgonjwa huyu si mgeni katika zahanati za Mbinga. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, analima kahawa mlimani, na msimu ukimruhusu huchukua mizigo kwa baiskeli. Goti lake la kulia linamuuma upande wa mbele, nyuma ya pia ya goti, hasa apandapo mlima, ashukapo ngazi na ainukapo baada ya kukaa kitako muda mrefu. Hana homa. Goti halijavimba, wala hakuanguka. Huandikiwa vidonge vya diklofenaki, maumivu hupoa, na baada ya miezi miwili hurejea na maelezo yale yale. Wakati wote huo baiskeli yake imeegemezwa kwenye ukuta wa zahanati, hatua kumi kutoka meza ya mhudumu, kiti kikiwa kimeshushwa mpaka kinakaribia kugusa fremu. Hakuna aliyetoka nje kukitazama.

Kiti hicho kinamfanyia mwenyewe mambo mawili kwa wakati mmoja: kinamchelewesha njiani na kinamchosha goti. Sababu ni moja. Umbo la baiskeli na mkao wa mtu juu yake ndivyo vinavyoamua ni misuli ipi itafanya kazi, kiungo kitakunjwa kwa pembe gani, na nguvu kiasi gani itafika kwenye gurudumu badala ya kupotea. Elimu hii ilikuzwa zaidi na watu wa mashindano, ambao shabaha yao ilikuwa mwendo, na sehemu yake kubwa haifai kuhamishwa jinsi ilivyo kutoka viwanja vya Ulaya hadi vilima vya Umatengo. Lakini kanuni zake za msingi hazina nchi, na mhudumu wa afya akizifahamu ataweza kumsaidia mgonjwa huyu kuliko anavyomsaidia sasa.

Kinachoizuia baiskeli

Mwendesha baiskeli hushindana na vitu vitatu: hewa iliyo mbele yake, tairi linalobonyea juu ya barabara, na mvutano wa dunia pale njia inapoinuka. Kwenye tambarare, mwendo ukiwa mdogo, tairi na hewa hugawana kazi karibu sawa. Mwendo ukiongezeka, hewa huchukua sehemu kubwa zaidi kwa haraka, kwa kuwa nguvu inayohitajika kuipasua huongezeka mara nane mwendo unapozidishwa mara mbili. Na kinachokabili hewa hiyo, kwa sehemu kubwa, si chuma cha baiskeli bali ni mwili: kifua, mabega, kichwa na mapaja. Ndiyo maana mshindani huinama.

Kisa cha Mwingereza Chris Boardman chaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Mwaka 1996, katika uwanja wa Manchester, aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja, mikono yake ikiwa imenyooshwa mbele kabisa, mgongo umelala na kifua kimefichwa kutoka kwenye hewa. Baadaye Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli liliamua kwamba rekodi ya saa moja ishindaniwe juu ya baiskeli ya umbo la zamani, mfano wa ile aliyoitumia Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972, yenye usukani uliopinda na mkao wa kawaida. Mwaka 2000 Boardman alirudi katika mji ule ule wa Manchester akaendesha kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Alikuwa na umri mkubwa kwa miaka minne, na magurudumu yake yalikuwa ya namna nyingine, lakini wataalamu hawana shaka kwamba sehemu kubwa ya pengo lile la kilomita karibu saba ilitokana na mkao.

Msomaji wa Mbinga anaweza kuhitimisha haraka kwamba dawa ya mwendo ni kuinama. Hitimisho hilo halitamfaa, na katika sehemu moja ya safari yake linaweza kumuua.

Umbo la baiskeli ya mizigo

Baiskeli inayotumika zaidi vijijini, iwe Phoenix au Raleigh ya zamani, ilibuniwa kwa makusudi tofauti kabisa na ya mashindano. Bomba linaloshika kiti limelala nyuma, kwa pembe ya karibu nyuzi 68 kutoka usawa wa ardhi, ilhali la baiskeli ya mashindano limesimama zaidi, kwa nyuzi 73 au 74. Uma wa mbele nao umelala vivyo hivyo. Umbali kati ya vitovu vya magurudumu mawili unazidi mita moja kwa sentimita kadhaa, na nyuma ya kiti kuna nafasi ya kutosha keria kukaa juu ya gurudumu badala ya kuning'inia nyuma yake. Usukani uko juu na mikono yake imerudi kwa mwendeshaji. Yote hayo humkalisha mtu wima, humpa uwezo wa kutazama mbali, na huifanya baiskeli ishike njia yake hata kwenye makorongo na mchanga. Baiskeli hiyo haigeuki kwa wepesi, na ina uzito wa takribani kilo 20, wakati kanuni za mashindano ya kimataifa huruhusu baiskeli ishuke hadi kilo 6.8.

Watu wa mashindano wangeiita baiskeli ya polepole. Si haki kuisema hivyo pasipo kutaja ilichokusudiwa. Gunia la kahawa halibebeki juu ya baiskeli ya Boardman, wala mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya.

Mlimani

Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Katikati yake kuna milima ambayo Wamatengo wameilima kwa vizazi vingi kwa mashimo ya ngoro, na kilimo cha namna hiyo hakibuniwi mahali tambarare. Katika nchi ya namna hii swali la hewa hubadilika kabisa.

Mfano wa hesabu utasaidia. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 20 anapanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara. Akitoa nguvu ya wati 150, ambayo mtu mzima mwenye afya na mazoea anaweza kuidumisha kwa muda, atakwenda kwa takribani kilomita 7 kwa saa. Katika mwendo huo hewa inakula chini ya sehemu 2 katika kila 100 za nguvu yake. Karibu zote zilizobaki zinakwenda kuinua uzito. Ainame au akae wima, hakuna tofauti atakayoiona. Akiongeza mzigo wa kilo 50 kwenye keria, mwendo utashuka hadi kilomita 4.5 kwa saa, ambao ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Wanaoshuka na kusukuma baiskeli penye mwinuko mkali huchekwa na vijana, lakini fizikia iko upande wao.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo daktari wa mifupa hulitazama kwa wasiwasi. Baiskeli nyingi za vijijini hazina gia za kubadilisha. Mathalani, yenye meno 48 kwenye gurudumu la pedali na 20 nyuma husonga mita 5 na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwa kilomita 7 kwa saa, miguu inazunguka mara 22 tu kwa dakika, wakati mzunguko unaoweka misuli katika raha ni mara 60 hadi 90. Ili kutoa nguvu ile ile kwa mizunguko michache hivyo, kila msukumo lazima uwe mzito sana: katika kilele chake mguu mmoja hukaribia kusukuma uzito wa mwili mzima. Msukumo huo wote hupita gotini.

Pia ya goti hukaa ndani ya kano ya misuli ya mbele ya paja, nayo huteleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja kama kamba ya ndoo inayopita juu ya gogo la kisima. Kamba ikiwa karibu kunyooka, gogo halibanwi sana. Ikikunjwa kwa pembe kali na ndoo ikiwa nzito, gogo hugandamizwa kwa nguvu. Goti lililokunjwa sana wakati msuli unavuta kwa nguvu kubwa ndivyo lilivyo, na gegedu iliyo nyuma ya pia ndiyo inayobeba mgandamizo huo mara elfu kadhaa katika safari moja. Kiti kikiwa chini mno, goti halipati kunyooka hata pedali ikifika chini kabisa, na pedali inapokuwa juu, paja hukaribia kugusa tumbo. Misuli yenye nguvu ya makalio na ya nyuma ya paja haipati urefu wa kufanya kazi yake, mzigo wote ukaachiwa msuli wa mbele. Hapo ndipo mwendo na goti huharibika kwa pamoja.

Kimo cha kiti

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Mwendeshaji akae juu ya kiti, mtu mwingine akimshikia baiskeli, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka pasipo nyonga kuinamia upande mmoja. Kisha akihamisha unyayo mpaka sehemu nene iliyo nyuma ya vidole ikalie pedali, kama inavyopaswa wakati wa kuendesha, goti litabaki limekunjwa kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35 zikihesabiwa kutoka mguu ulionyooka. Huo ndio ukunjo ambao wataalamu wengi wa viungo huukubali.

Kipimo cha pili kinatoka Uingereza. Mwaka 1967 Hamley na Thomas walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waendeshaji walitoa nguvu zaidi pale umbali kutoka pedali ya chini hadi juu ya kiti ulipokuwa asilimia 109 ya urefu wa mguu, ukipimwa kwa upande wa ndani kutoka msamba hadi sakafuni. Mtu mwenye mguu wa sentimita 80 angehitaji kiti kilicho sentimita 87 kutoka kwenye pedali. Kipimo hiki hakimfai kila mtu kwa usahihi ule ule, kwa sababu urefu wa unyayo, ulaini wa misuli na aina ya kiatu hutofautiana. Kitumike kama mahali pa kuanzia, na ukunjo wa goti uwe ndio mwamuzi.

Baada ya kimo, yafuata mahali pa kiti mbele au nyuma. Kwa kuwa bomba la kiti la baiskeli za mizigo limelala, kila kiti kinapopandishwa hurudi nyuma pia. Kwenye tambarare hilo halina ubaya. Mlimani mwendeshaji hujikuta ametelezea mbele, akikalia pua ya kiti, ili aweze kukanyaga pedali kwa uzito wa mwili. Fundi anaweza kusogeza kiti mbele kwa sentimita moja au mbili, au kugeuza kikamatio chake kielekee mbele, na tatizo likapungua.

Mhudumu asiharakishe kumlaumu mwenye kiti cha chini. Mwenye gunia la kilo 50 nyuma anahitaji kuweka mguu ardhini mara baiskeli inaposita, na kiti kirefu kinaweza kumwangusha yeye na mzigo wake. Mwanamke aliyerithi baiskeli ya mumewe, yenye fremu ndefu kuliko miguu yake, hana pa kushusha zaidi hata angetaka. Mtoto anayeendesha akiwa amepitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda upande, hafiki kwenye breki ipasavyo, na kwake suala si goti tena bali ni usalama. Kwa mchukuzi wa mizigo, suluhisho la kati ni kiti kinachomwezesha kugusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, na desturi ya kushuka mlimani kabla goti halijalia. Kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka vijiji na begi dogo, hakuna sababu ya kutopandisha kiti mpaka kimo kamili.

Fundi anaweza pia kubadilisha gurudumu la meno la nyuma. Kutoka meno 20 kwenda 22, kila msukumo wa pedali unakuwa mwepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mwendo wa tambarare utapungua kidogo, na huenda mwenye baiskeli akalalamikia hilo kwa wiki moja.

Mteremko

Mwendesha baiskeli mwenye jina kubwa zaidi kutokea Afrika Mashariki ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mchezo huo Kenya chini ya mlezi wake David Kinjah, na hatimaye akashinda Tour de France mara nne kwa bendera ya Uingereza. Mwaka 2016, akishuka mlima wa Peyresourde huko Ufaransa, alitoka kwenye kiti akaketi juu ya bomba la fremu, kifua kikiwa juu ya usukani, akawaacha wenzake na kushinda siku ile. Picha hizo zilienea duniani. Kuanzia Aprili 2021 Shirikisho la Kimataifa liliupiga marufuku mkao huo kwa hatari yake. Froome mwenyewe, mwezi Juni 2019, alikuwa akiijaribu njia ya mashindano mjini Roanne. Aliachia usukani kwa mkono mmoja ili apenge kamasi, upepo ukampiga, akagonga ukuta akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Alikuwa mtaalamu, mwenye kofia, juu ya baiskeli nzuri kuliko zote ambazo fedha ziliweza kununua.

Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa karibu kilomita 66, sasa ni ya lami. Lami imeleta faraja kubwa kwa wagonjwa wanaosafirishwa, lakini imeondoa pia kile kilichokuwa kikipunguza mwendo wa baiskeli bila mtu kukiomba: mawe, vumbi na makorongo. Mtu yule yule wa kilo 70, akiachilia baiskeli ishuke yenyewe kwenye mteremko mrefu wa mita 8 kwa kila 100, huongeza mwendo mpaka ukinzani wa hewa ulingane na mvuto. Akikaa wima, hesabu hutoa takribani kilomita 53 kwa saa. Akijilaza juu ya usukani kama afanyavyo kijana anayeshindana na mwenzake, hufika 67. Na akiwa amekaa wima lakini ana kilo 50 kwenye keria, hufika 67 vilevile. Mchukuzi wa mizigo, bila kuinama wala kutaka mashindano, anateremka kwa mwendo wa mshindani.

Nguvu inayoupiga mwili wakati wa kuanguka huongezeka kwa mraba wa mwendo. Anayeanguka kwa kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara tisa ya anayeanguka kwa kilomita 20. Dhidi ya nguvu hiyo, baiskeli ya kawaida ina breki za vyuma zinazobana ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Mvua za Ruvuma huanza mwishoni mwa mwaka na huendelea hadi Aprili, na shughuli za shamba na safari za zahanati hazisimami kwa ajili yake.

Hapa mkao wa wima, uliosemwa kuwa wa polepole, ndio dawa. Kifua kilicho wazi ni breki ya kwanza ambayo haichakai wala hailowi. Mwendeshaji akae wima, arudishe makalio nyuma ya kiti, alegeze viwiko, aweke pedali zote mbili katika usawa mmoja, na aanze kubana breki kabla mwendo haujawa mkubwa, akibana na kuachia, si kungoja kona. Breki ya mbele isibanwe peke yake kwa ghafla. Mzigo ufungwe chini na mbele kadiri iwezekanavyo, kwa sababu mzigo ulio nyuma ya kitovu cha gurudumu huinua uzito kutoka gurudumu la mbele, na usukani ukakosa utii wakati unapohitajika zaidi. Penye mteremko mkali, mwenye mzigo mzito ashuke na kutembea, kama alivyofanya alipopanda.

Kofia ngumu inapunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya nusu. Kwa waendesha baiskeli wa vijijini bado ni kitu cha nadra, na si kwa ukaidi. Wengi hawajawahi kuiona ikiuzwa. Mhudumu anayempokea aliyeanguka kwa baiskeli asiridhike na jeraha la goti linaloonekana. Aulize kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, atazame mboni za macho, na amchunguze tumbo: ncha ya usukani ikimchoma mtoto tumboni, huweza kupasua wengu, ini au kongosho huku ngozi ikiwa na alama ndogo tu ya mviringo. Mtoto wa namna hiyo asirudishwe nyumbani kwa haraka.

Ufukweni

Njia ikifika ziwani, Mbamba Bay hadi Liuli, sehemu nyingi ni tambarare au mawimbi madogo ya ardhi, na upepo wa kusi huvuma kwa nguvu miezi ya kiangazi. Hapo peke yake fundisho la Boardman linapata mahali. Anayekwenda kilomita 15 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 anapasua hewa ya kilomita 35, na hewa inamtoza karibu nguvu yote aliyonayo. Kukunja viwiko na kushusha mabega kidogo, mgongo ukibaki umenyooka na kiuno kikiinama kwenye nyonga, kunaweza kumwokolea wati 20 hivi. Kuinama kwa kukunja mgongo kama upinde kunampa faida ile ile ya hewa na kumpelekea kiunoni maumivu ambayo hakuwa nayo.

Maumivu mengine na chanzo chake

Goti likiuma upande wa nyuma, tofauti na mgonjwa wa mwanzo, kiti huenda kiko juu mno na mguu unajinyoosha kupita kiasi. Dalili yake ni nyonga zinazoyumba kulia na kushoto zikitazamwa kutoka nyuma, na mtu wa namna hiyo hulalamikia kiuno pia.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete hutokana na neva inayopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo kubanwa na mpini wa usukani. Hutokea pale kiti kinapoinamia mbele, mikono ikalazimika kubeba uzito wa kiwiliwili, au mipini ikiwa imebaki chuma kitupu. Kusawazisha kiti na kuifunga mipini kwa mpira wa tyubu ya zamani huwatosha wengi. Mkono ukianza kudhoofika, mgonjwa apelekwe hospitali.

Lipo lalamiko ambalo halisemwi mpaka liulizwe, nalo ni ganzi ya msamba na sehemu za siri. Mwanamume huogopa kwamba amepoteza uume wake. Mwanamke huona haya kulitaja kabisa. Pua ya kiti iliyoinuliwa juu, au kiti kilichobonyea katikati kwa uchakavu, hubana neva na mishipa ya damu iliyo kwenye msamba. Mara nyingi ganzi huisha yenyewe shinikizo likiondolewa. Kiti kilazwe sawa, kiwe kipana kiasi cha kubeba mifupa miwili ya makalio, na mwendeshaji ainuke juu ya pedali kwa muda mfupi kila baada ya dakika kumi hivi. Ganzi inayodumu siku kadhaa baada ya kuacha baiskeli, au udhaifu wa nguvu za kiume unaoendelea, vinahitaji uchunguzi, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu pia huanza kwa dalili hizo, na baiskeli isisingiziwe.

Mezani kwa mhudumu

Kumhoji mgonjwa hakuchukui muda. Mhudumu humwuliza kwa heshima ya kawaida, "Baba, baiskeli umekuja nayo? Hebu twende tuitazame," na dakika tano za nje zinafichua zaidi ya dakika ishirini za ndani. Amtazame akiendesha mita chache kwenda na kurudi. Aulize uzito wa mzigo, urefu wa mlima, na kama goti huanza kuuma akiwa na mzigo au hata bila mzigo.

Kabla ya kushika spana, ahakikishe hakuna dalili za ugonjwa mwingine. Goti lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa ni dharura. Goti linalokwama lisinyooke, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, uvimbe wa mfupa kwa kijana, mguu unaokufa ganzi au kukosa nguvu, na maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo, haya yote yapelekwe hospitali bila kusubiri marekebisho ya kiti. Diklofenaki na dawa za jamii yake zitolewe kwa siku chache tu, na kwa tahadhari kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu. Mama mjamzito asipewe bila ushauri wa daktari.

Zisipokuwepo dalili hizo, kiti kipandishwe kidogo kidogo, sentimita moja kwa wiki, kwa kuwa misuli iliyozoea kufupika huuma ikinyooshwa ghafla, na mgonjwa akiumia siku ya kwanza atakishusha tena na asirudi. Bomba la kiti libaki ndani ya fremu kwa sentimita sita au saba angalau. Likichomolewa zaidi ya hapo huweza kukatika mtu akiwa njiani. Likiwa fupi, fundi atafute refu. Kila wiki mhudumu au mgonjwa mwenyewe akwaruze alama ndogo kwenye bomba kwa msumari, ili kiti kikishuka chenyewe kwa sababu ya nati iliyolegea, ionekane.

Mgonjwa aambiwe arudi baada ya wiki nne, akija na baiskeli ile ile.